Karata ya Mto

Ziwa Mweru hufungwa tarehe 1 Desemba na kufunguliwa tarehe 1 Machi. Wasomaji wa pwani watashangaa kusikia ziwa likifungwa kama duka, lakini kwetu Nchelenge ndivyo tunavyosema. Kwa miezi mitatu serikali ya Zambia inapiga marufuku uvuvi ili samaki wazaliane, na maisha yote ya ufukweni hubadilika, Nchelenge hadi Kashikishi. Mitumbwi inapinduliwa mchangani. Taa za kuvulia chisense, wale dagaa wetu wadogo wanaovuliwa usiku, zinawekwa chini ya vitanda. Wanaume waliozoea kukesha majini na kulala mchana wanajikuta wana usiku mzima na hawana la kuufanyia. Mvua inanyesha. Mihogo iko shambani, haina haraka. Ndipo karata zinapotoka.

Mimi ni mwenyeji wa huko. Baba yangu ni mtu wa Luapula, upande wa Zambia; mama yangu alizaliwa ng'ambo, upande wa Kongo, katika mji wa Kilwa. (Nikiwaambia wenzangu hapa Dar es Salaam kwamba mama ni wa Kilwa, wote hufikiria ile ya magofu, mkoani Lindi. Siku hizi nimechoka kuwasahihisha.) Nyumbani tulisema Kibemba na baba na Kiswahili na mama, ila Kiswahili cha Katanga, na tofauti yake na kile cha vitabuni nilikuja kuijua kwa gharama. Katika zoezi langu la kwanza chuoni niliandika "paka" nikimaanisha "tu", kama mama anavyosema. Mhadhiri alinichorea paka mdogo pembeni mwa karatasi, na alama ya kuuliza juu ya kichwa chake.

Poka sikuijua nyumbani. Niliijua hosteli, mwaka wa kwanza, kwa kijana wa Tanga aliyekuwa akisoma takwimu na kulala kitanda cha juu yangu. Tulicheza kwa punje za mahindi. Nilipokwenda likizo Februari nilikuwa na pakiti ya karata mfukoni na kiburi cha mtu aliyetoka mbali na mchezo mpya.

Mchezo wenyewe hauna mengi. Kila mmoja anapewa karata mbili za siri. Mezani zinafunuliwa tatu za wote, kisha ya nne, kisha ya tano. Mwenye karata tano bora kati ya hizo saba ndiye mshindi, na kila baada ya kufunua watu wanapata nafasi ya kuweka fedha. Anayezungumza kwa Kiingereza ana neno kwa kila tendo. Sisi kwenye kibaraza cha stoo ya samaki iliyofungwa tulilazimika kuyatafuta. Kuongeza fedha mezani tuliita *kuweka*. Kulipa alichoweka mwenzako, *kufuata*. Kuacha karata, *kutupa*. Kuruhusu zamu ipite bila kuweka chochote tuliita *kugonga*, kwa kuwa unagonga meza kwa kidole, nayo meza yetu ilikuwa sanduku la samaki lililopinduliwa, hivyo lilisikika vizuri. Karata ya tano Waingereza wanaiita mto. Yule rafiki wa Tanga alikuwa akinitania kwamba ni mto wa kulalia, maana ukiipata vibaya unakwenda kulala mapema. Kwetu ulikuwa mto wa maji. Tuliita *karata ya mto*, na aliyelipenda jina hilo kuliko wote ni Papa Pweto.

Sitaandika jina lake. Sisi tulimwita hivyo kwa sababu alitoka Pweto, kaskazini mwa ziwa, mahali ambapo maji ya Mweru yanatoka kwa mto Luvua na kwenda kuungana na Lualaba. "Maji ikishaingia mu Luvua hairudie tena mu ziwa," alisema nilipomweleza karata ya tano, na sikuwahi kupata ufafanuzi mzuri zaidi ya huo. Alikuwa fundi wa injini za boti. Mwaka 2017 mapigano yalipoenea kwao alivuka na familia yake kuingia Zambia kupitia Chiengi, wakapokewa Kenani, na mwaka uliofuata walihamishiwa Mantapala, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa ndani ya wilaya yetu, msituni, mbali na maji. Mantapala wako zaidi ya watu elfu kumi. Alipewa kiwanja, akalima mihogo, akapokea posho. Lakini mtu wa ziwa hawezi kukaa na miti tu. Kila alipopata kibali cha kutoka alishuka Kashikishi kwa shemeji yake, na ziwa likifunguliwa alinunua samaki kidogo, akawatia chumvi, akawakausha, akawauza.

Kwa hiyo kwenye kibaraza kile Kiswahili kilikuwa chetu wawili. Wengine walicheza kwa Kibemba. Aliponigundua kuwa nasomea Kiswahili alicheka mpaka akashika ubavu. "Unaenda mbali vile kujifunza kintu mama yako anakupa na bukari?" Bukari ni ugali. Tangu siku ile akaniita Mwalimu, na hakukuwa na heshima yoyote ndani ya neno hilo.

Neno lake lililonifaa zaidi lilikuwa *bongo*. Hapa Dar es Salaam bongo ni akili za kuishi mjini, na ndiyo jina la mji wenyewe na la nchi nzima. Kwa Kiswahili cha Katanga bongo ni uongo. Mtu akiweka fedha hali hana kitu mkononi, Papa Pweto alinyoosha kidole na kusema, "Ni bongo!" Na mimi nilikuwa nikisikia maneno yote mawili kwa pamoja. Sijaona neno linalofaa poka kuliko hilo. Nawaachia wenzangu wa isimu walifanyie kazi.

Sasa nieleze jambo lililonifanya niandike insha hii, nalo linahusu kugonga.

Kabla ya karata ya mto, kila mtu mezani ana sehemu ya karata na sehemu ya matumaini. Ukiwa na kopa mbili mkononi na kopa mbili ziko mezani, huna kitu bado, lakini zimebaki kopa tisa kati ya karata 46 usizoziona. Karibu mara moja kwa tano, inayofuata itakupa. Kwa hiyo unaweza kufuata kwa tumaini. Karata ya tano ikishafunuliwa, tumaini limekwisha. Kila mmoja ana alichonacho. Fedha utakayoweka hapo haibadilishi karata ya mtu yeyote. Inachoweza kubadilisha ni uamuzi wa yule aliye mbele yako.

Wanaoanza, nikiwemo mimi kwa mwaka mzima, hujiuliza: je, karata zangu zinamshinda? Hilo silo swali. Kama zinamshinda na ukagonga, utachukua fedha zilizoko vilevile. Chukulia wewe ndiye msemaji wa mwisho na mwenzako amekwisha kugonga. Ukiweka, atakayetupa karata dhaifu hakuongezei hata ngwee. Angeshindwa hata hivyo. Anayekuhusu ni yule atakayefuata. Basi swali ni hili: kati ya karata zote atakazokufuata nazo, je, zaidi ya nusu ni dhaifu kuliko zangu? Kama ndiyo, weka. Kama siyo, gonga, hata kama una uhakika kwamba mara nyingi unamshinda. Hapa ndipo karata za wastani zinapowadanganya watu. Ukiweka nazo, dhaifu wanakimbia na wenye nguvu wanabaki, na wewe umelipa ili ubaki na wale tu wanaokushinda.

Rafiki yangu wa takwimu aliniambia kwamba jambo hili lilikwisha kukokotolewa zamani. John von Neumann, mwanahisabati aliyezaliwa Budapest, na Oskar Morgenstern walichapisha mwaka 1944 kitabu chao kikubwa cha nadharia ya michezo, na poka imo ndani. Katika poka yao iliyorahisishwa, mchezaji mzuri huweka fedha nyingi akiwa na karata bora, na mara nyingine akiwa na mbovu kabisa. Za katikati ndizo za kugonga. Mbovu kabisa kwa sababu nayo ina hesabu yake: rundo likiwa na kwacha 160, ukaweka 80 bila kitu, inatosha mwenzako akimbie mara moja kati ya tatu, hupati hasara. Yeye naye anahatarisha 80 apate 240, inatosha awe sahihi mara moja kati ya nne. Bongo kwa maana zote mbili.

Nilikuwa nimeyakariri haya. Niliyafundisha pale kibarazani kwa sauti ya mhadhiri, na wenzangu walinivumilia kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha.

Usiku wenyewe ulikuwa katikati ya Februari. Tulikuwa watano, taa ya sola ikining'inia kwenye kenchi. Mimi nilikuwa na fedha niliyotenga kwa safari ya kurudi chuoni, na nilikuwa nimejiapiza kutogusa zaidi ya nusu yake. Papa Pweto alikuwa na yake katika mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne. Alikuwa ameniambia mchana, tukimenya mihogo kwa mama, kwamba ile ilikuwa fedha ya chumvi. Tarehe 1 Machi bei ya samaki wa kwanza hupanda, lakini mwenye chumvi yake tayari ndani anaweza kununua mapema na kusubiri. Hakuniambia kwa kulalamika. Aliniambia kama mtu anavyoeleza mpango.

Nilipewa malkia wa shupaza na kumi ya shupaza. Watu watatu tukaingia kwa kwacha kumi kumi. Mezani zikatoka malkia wa uru, tisa ya kopa, nne ya kopa. Nilikuwa na jozi ya malkia, hakuna karata mezani iliyo juu yake. Papa Pweto akagonga, nikaweka 25, wa tatu akatupa, yeye akafuata. Karata ya nne ilikuwa mbili ya pau, si ya mtu. Akagonga, nikaweka 40, akafuata. Rundo sasa lilikuwa 160, na mbele yake zimebaki kwacha 90.

Karata ya mto ikawa saba ya kopa.

Kopa tatu mezani. Aliyekuwa na kopa mbili mkononi na akanifuata kwa tumaini, tumaini lake limetimia. Papa Pweto aliitazama ile saba, akanitazama mimi, akagonga sanduku kwa kucha ya kidole gumba.

Nilijua ninavyopaswa kufikiri, na nilifikiri, au nilidhani nafikiri. Kopa kumi bado hazijaonekana. Zinatoa jozi 45 za kunishinda. Malkia wawili wamebaki, na mwenye malkia na ree, au na mfalme, au na jeki, ananishinda pia. Nani atanifuata nikiweka 80? Wenye kopa. Wenye malkia wakubwa. Mwenye tisa ataogopa kopa, atatupa. Basi hizi zangu ni za wastani. Za katikati ni za kugonga. Von Neumann kasema. Yote hayo yalipita kichwani kwa mpangilio mzuri kama mtihani uliosomewa.

Na chini yake kulikuwa na kitu kingine ambacho hakikupita kwa mpangilio. Niliona ule mfuko wa nailoni. Niliona chumvi.

"Mwalimu," akasema, "uko unangoya nini?"

Nikagonga.

Nikafunua malkia. Yeye akafunua tisa ya uru na ree ya shupaza. Nilikuwa nimemshinda tangu mwanzo. Nikavuta rundo. Wenzangu wakasema haya, gawa. Lakini Papa Pweto hakurudisha karata zake. Alizitazama zangu, akazitazama zake, akauliza:

"Juu ya nini haukuweka?"

Nikaanza kueleza: kopa tatu, malkia wakubwa, karata za katikati. Aliniacha nimalize. Kisha akasema polepole, ili nisikose neno: "Hapana. Ulinisikilia huruma."

Nikakana. Alikusanya kwacha zake 90, akazikunja, akazirudisha ndani ya nailoni. "Kule juu banatupa unga, banatupa mafuta, banatupa plastiki ya nyumba. Kila kintu banatupa. Ni paka hapa njo kintu ya miye ni ya miye." Akasimama, akaaga kila mtu kwa Kibemba safi, akaenda zake mvuani.

Nimejaribu kuiweka sentensi ile ya mwisho katika Kiswahili sanifu, na kila ninapojaribu inapoteza uzito. Ni hapa tu ndipo changu kilipo changu. Maneno ni yaleyale, lakini "paka" yake ilikuwa nzito kuliko "tu" yangu. Mhadhiri atanisamehe.

Usiku ule nililala nikimkasirikia. Nilijiambia kwamba nilifuata hesabu, na mtu asiyejua hesabu ameiona huruma mahali pasipo na huruma. Na hata kama ilikuwepo, kosa liko wapi? Nimemwachia fedha ya chumvi. Mtu mwingine angeshukuru. Hiyo "angeshukuru" ndiyo iliyonitoa usingizini, kwa kuwa niliisikia kwa sauti ambayo si yangu, sauti ya watu wanaoshuka kwenye magari meupe na makaratasi ya kusaini.

Asubuhi alikuja mwenyewe. Mama alimpa chai. Akaomba kiberiti, akamwaga njiti juu ya mkeka, akasema nimwonyeshe ile hesabu. Nikampangia: hizi njiti 45 ni kopa. Hizi ni malkia wakubwa. Malkia wawili waliobaki, mara ree nne, mara mfalme nne, mara jeki nne, ni 24. Hizi ni tisa: zimebaki tisa tatu, na nikachukua tisa na ree, na mfalme, na jeki, na nane, kila moja 12, na tisa na kumi, 9 kwa kuwa kumi moja ninayo mimi. Jumla 57. Kiberiti hakikutosha, tukaongeza punje za maharage.

Alitazama marundo yale matatu kwa muda mrefu. Kisha akaweka mkono juu ya rundo la kopa, zile njiti zote 45, akazisukuma nje ya mkeka.

"Ulisha kuniona nagonga na kere siku gani?"

Kere ndiyo kopa kwake. Karata alizijua kwa majina ya Kifaransa. Nami nilikaa kimya kwa sababu alisema kweli. Wiki mbili tulizocheza, Papa Pweto akipata karata aliyoitaka hakuwahi kusubiri. Aliweka papo hapo, kwa kishindo, mpaka sanduku linaruka. Kugonga kwake mbele ya kopa ya tatu kulikuwa sawa na kuniambia kwa mdomo kwamba hana kopa. Kisha akasukuma nje nusu ya malkia wakubwa. "Na malkia na ree, ningeongeza mbele." Kweli tena. Halafu akaweka kidole juu ya rundo la tisa. "Na hizi, nilishakufwata mara ngapi?"

Mara tatu, kwa kumbukumbu yangu. Alikuwa mtu asiyeweza kutupa jozi, hata jozi ndogo, hata mbele ya kopa, alipenda kuona. Wenzetu walimtania kwa hilo. Kwa mtu mwingine yeyote huenda mwenye tisa angekimbia. Kwa Papa Pweto asingekimbia, na mimi nilijua. Kwenye mkeka zilibaki tisa 57 na malkia wachache. Zaidi ya nusu, mbali sana na nusu. Jibu lilikuwa kuweka, na si 80. Ni kumtaka zote 90.

Kwa hiyo sikuwa nimefuata hesabu. Nilikuwa nimeipinda. Kila nilichojua juu yake, kwamba hagongi akipata, kwamba hatupi jozi, nilikiweka kando, na mahali pake nikamweka mchezaji wa kitabuni asiye na jina, anayeogopa kopa. Kisha kwa mchezaji huyo nikatafuta sababu ya kufanya nilichotaka kufanya. Siwezi kusema huruma ni kitu kibaya. Nasema tu kwamba ilinijia ikiwa imevaa nguo za takwimu, na sikuitambua. Na ili nimhurumie ilinibidi kwanza nisimwone: fundi wa injini, mpenda kufuata, mwenye mpango wa chumvi aliyeamua mwenyewe kuuleta mfuko wake kibarazani. Wale wa magari meupe, nadhani, wengi wao ni watu wema pia.

Nilimwambia, "Nilikosea, Papa." Sikusema zaidi.

"Njo vile," alisema, akakusanya njiti na kuzirudisha ndani ya kiberiti, zote zikiwa zimeelekea upande mmoja.

Tuliendelea kucheza mpaka mwisho wa mwezi. Sikumhurumia tena, angalau si mezani. Mara mbili nilimtoa mezani bila kitu, na mara zote mbili alikwenda nyumbani akiimba. Nami nilijifunza kumtazama yeye kabla ya kuzitazama karata.

Usiku wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Februari. Kesho yake nilikuwa na basi la Kasama, kisha Nakonde, kisha mpaka. Chini ufukweni watu walikuwa wakiziba mitumbwi kwa lami, harufu yake ilitufikia. Nilikuwa na mfalme na ree, na mfalme mwingine akatoka mezani, pamoja na kopa mbili. Papa Pweto akagonga, nikaweka, akafuata. Karata ya nne, hivyohivyo. Karata ya mto ikaja kopa, sita, ndogo, haina sura ya kumtisha mtu. Akagonga.

Nilimtazama. Kucha ya kidole gumba, ileile. Nikapitisha marundo yangu: kopa nje, kwa kuwa hagongi akipata. Wafalme na ree wengine, ningeona kuongeza. Zinabaki jozi ndogo, naye anapenda kuona. Nikaweka 100, bila haraka, nikaridhika na nafsi yangu.

Alifikiri kidogo. "Nafwata," akasema, na nilikuwa nimekwisha kuanza kufunua, "na naongeza." Akamimina mfuko wote wa nailoni kwenye sanduku.

Ilikuwa 140 zaidi. Rundo lilikuwa kubwa mno kuliacha, ndivyo nilivyojiambia. Nikafuata. Akafunua nane na jeki, zote za kopa, akazipanga vizuri kando ya zile tatu za mezani ili kila mtu azione.

"Mwalimu," akasema, "ulisha kuniona nagonga na kere siku gani?"

Watu wakacheka kwa Kibemba na kwa Kiswahili. Aliivuta fedha kwa mikono miwili, akaihesabu mara mbili, na hakunirudishia hata noti moja ya kwacha tano. Sikutarajia anirudishie.

Asubuhi ilinibidi nimwombe mama sehemu ya nauli. Mama ni mtu wa kanisa na karata hazipendi, hivyo nilikuwa nimetayarisha uongo. Sikuutumia. Nilimweleza yote, rundo, kopa, mfuko wa nailoni. Alifungua kitambaa chake, akanihesabia noti moja moja bila kunitazama. Alipofika mwisho akauliza, "Alikula ngapi?"

Nikamtajia.

"Hiyo ni chumvi ya magunia," akasema mama, akafunga kitambaa, akaniambia niwahi basi.